Azimio lilelile kwa mwaka wa tatu: ninakosea wapi?

Daftari_Jeupe aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, na leo naandika kwa sababu ya jambo linalonitia aibu kidogo, ingawa najua silibebi peke yangu. Jana, nilipokuwa nikitafuta ukurasa wa kuandikia maazimio ya mwaka huu, nilifungua daftari ambalo limelala kwenye droo yangu tangu mwaka jana, nikakuta kwamba azimio la kwanza la mwaka juzi, la mwaka jana, na lile nililokuwa nimekwisha kulitunga kichwani jana hiyohiyo, ni sentensi moja karibu neno kwa neno: "Mwaka huu nitaamka mapema kila siku na kusoma kwa bidii." Mara zote mbili nimeipigia mstari kwa wino mwekundu, na mara zote mbili imefuatwa na maazimio mengine sita ambayo sitawachosha nayo.

Baada ya orodha hiyo huja kurasa za kumbukumbu, yaani tarehe, saa niliyoamka na idadi ya kurasa nilizosoma. Mwaka juzi kumbukumbu hizo zinakoma tarehe 19 Januari, na mwaka jana tarehe 16. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sikumbuki kuamua kuacha, kwa maana hakuna asubuhi niliyosema "sasa basi". Ninachokumbuka ni kwamba siku moja nilizima kengele ya simu na kulala tena, kesho yake nikaona vibaya kufungua daftari na kukutana na ule mstari mtupu, na keshokutwa daftari likarudi kwenye droo.

Wenzangu kazini huniambia kwa utani kwamba yangu ni nguvu ya soda, na nimeanza kuwaamini. Hata hivyo safari hii kuna mtihani wa taaluma ambao ni lazima niufanye kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo siwezi kucheka tu. Je, tatizo ni kwamba sina utashi, au kuna namna ya kufanya jambo hili ambayo sijaijua?

Fundi_Saa alijibu:

Ndugu Daftari, kabla ya kujihukumu kwamba huna utashi, itazame ile sentensi yako kama ambavyo ungeitazama hati ya makubaliano. "Mapema" ni saa ngapi? "Kusoma" ni kusoma nini, ukiwa umeketi wapi, kwa muda gani? "Kwa bidii" hupimwaje? Sentensi hiyo haina mahali ambapo mtu anaweza kuishika, na ndiyo maana unaweza kuivunja bila kujua umeivunja lini. Umeeleza mwenyewe kwamba hukumbuki siku uliyoacha, nami nadhani kumbukumbu yako haina kosa lolote hapo, kwa kuwa azimio lenyewe halikuwa na mpaka wa kuonyesha kwamba umeuvuka.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Alitofautisha nia ya lengo, ambayo husema "nataka kufikia jambo fulani", na nia ya utekelezaji, ambayo husema "hali fulani ikitokea, hapo nitafanya jambo fulani". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 na kuonyesha kwamba watu waliofunga nia yao kwa muundo huo wa "ikiwa… basi" walitimiza malengo yao kwa kiwango kilichozidi wazi cha wale waliokuwa na nia tupu. Siri yake si kubwa: uamuzi unafanywa mapema, ungali na akili tulivu, kisha unakabidhiwa kwa alama fulani ya nje, kama vile mlango unaofunga, kikombe unachoweka mezani au kiti unachoketi, ili saa ya usingizi isipewe nafasi ya kujadiliana nawe. Anayeanza kujiuliza saa kumi na moja alfajiri kama ainuke au asiinuke amekwisha kushindwa, kwa sababu mtu anayejadiliana na mto wake hushindwa na mto.

Kwa hiyo ningeiandika upya hivi: "Nikishamaliza kupiga mswaki, nitaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha na kusoma kurasa tatu za kitabu cha mtihani." Kurasa tatu tu. Yale maazimio mengine sita yafute, maana mtu anayebadili mambo saba kwa pamoja hajui lipi kati yake limemchosha.

Sina_Pupa alijibu:

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Mimi niliacha kabisa kuweka maazimio, kwa sababu tarehe 1 Januari haina uwezo wowote ambao tarehe 9 Mei haina. Ni Warumi waliotuachia kalenda hii, na Julius Caesar alipoirekebisha, marekebisho yakianza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, hakuwa akifikiria mtihani wa ndugu Daftari. Mtu aliye tayari kubadilika habadiliki kwa kusubiri tarehe, na asiye tayari tarehe haimsaidii. Maazimio huwapa watu raha ya kujiona wamebadilika kabla hawajafanya lolote, kisha Februari huwaachia fedheha. Ndugu yetu ameeleza fedheha hiyo vizuri kuliko mimi.

Fundi_Saa alijibu:

Ndugu Sina Pupa, sehemu ya hoja yako naikubali, ila hiyo ya tarehe haikai sawasawa na yanayojulikana. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huelekea zaidi kwenye kumbi za mazoezi na huweka ahadi nyingi zaidi za kujirekebisha mara baada ya alama za wakati, zikiwemo mwanzo wa wiki, wa mwezi na wa mwaka. Alama hizo humsaidia mtu kujitenga kidogo na makosa yake ya zamani, kana kwamba yalitendwa na mtu mwingine. Maana yake ni kwamba Januari ina nguvu fulani ya kuanzisha, lakini Jumatatu nayo inayo, na kila mwezi una tarehe mosi, kwa hiyo aliyeanguka tarehe 16 hana sababu ya kungoja miezi kumi na moja na nusu ili aanze tena.

Kuhusu faida ya kuazimia, John Norcross na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti uliowalinganisha watu walioweka azimio na watu waliokuwa na tatizo la aina ileile, wenye hamu ya kulibadili, lakini hawakuweka azimio. Baada ya miezi sita, asilimia 46 ya walioazimia walisema bado wanaendelea vizuri, dhidi ya asilimia 4 ya wale wengine. Hayo ni maelezo ya watu kuhusu nafsi zao wenyewe, na sote tunajua namna tunavyojisifu tukiulizwa kwa simu, kwa hiyo sitaiegemea tarakimu hiyo kwa uzito wangu wote. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuitupa.

Sina_Pupa alijibu:

Nimekuelewa, na hoja ya Jumatatu naipokea. Ninabaki na shaka yangu kuhusu raha ya mapema.

Moshi_wa_Zamani alijibu:

Nimesoma majibu yote, na yote ni ya manufaa, ila naona hakuna aliyegusa siku ile ya pili. Ndugu Daftari ameandika kwamba alilala siku moja, kesho yake akaogopa kufungua daftari, na siku ya tatu mambo yakaisha. Ningependa tuketi hapo kidogo, maana nimepaishi kwa miaka.

Nilivuta sigara kwa miaka 19. Niliacha mara tano, na ile ya tano ndiyo iliyodumu. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Mara ya tatu nilikuwa nimefikisha siku 41 bila hata moja, nikizihesabu kwa vijistari nyuma ya mlango wa kabati. Jioni ya siku ya 42 nilikuwa nimesimama nje na mwenzangu mmoja, mikono ikiwa haina kazi, akaninyooshea pakiti bila kuwaza, kama ambavyo angeninyooshea kalamu, nami nikachukua bila kuwaza. Sigara moja tu, na wala haikuwa tamu, ilinikwaruza koo. Lau ningeishia hapo, hesabu ingekuwa siku 41 safi na sigara moja, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliita ushindi. Badala yake nilipita dukani nikielekea nyumbani, nikanunua pakiti nzima na kiberiti, nikisema moyoni: "Nimekwisha kuharibu, liwalo na liwe." Nilipofika nyumbani nilivifuta vile vijistari kwa kitambaa chenye maji. Fikirini hilo! Sigara moja haikuweza kufuta siku 41, bali nilizifuta mimi kwa mkono wangu.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba hali hiyo imechunguzwa. Mwaka 1975 Peter Herman na mwenzake walifanya jaribio ambalo watu waliokuwa wakijinyima kula ili wapunguze uzito, walipopewa kwanza kinywaji kizito kilichovunja masharti yao, walikula zaidi baadaye kuliko wenzao wa kujinyima ambao hawakupewa kitu, ilhali akili ya kawaida ingetarajia wale kidogo kwa kuwa wameshiba. Herman na Janet Polivy waliendelea kuichunguza tabia hiyo, na jina walilolipa kwa lugha yao halipishani sana na hiyo "liwalo na liwe" yetu. Kinachomwangusha mtu hapo si lile kosa la kwanza, ila ni hukumu anayojitolea baada yake: kwa kuwa si mkamilifu tena, basi hana cha kulinda.

Kwa hiyo ndugu yangu, mpango wako uwe na sentensi ya pili, nayo iandikwe leo kabla hujakosea: "Nikikosa asubuhi moja, asubuhi inayofuata nitasoma ukurasa mmoja, kisha nitaandika 'nilikosa jana' kwenye daftari, nami sitaandika neno lingine lolote la kujilaumu." Usijipe adhabu ya kusoma kurasa sita ili kufidia, kwa sababu deni linalokua kila siku ndilo hilo lililokurudisha kwenye droo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami nilikuwa nikiutamka msemo huo kwa wengine huku nikiwa nimeikimbia karakana.

Na kama kuna mtu anayesoma hapa akiwa anahangaika na sigara hasa, asinichukue mimi kama kipimo. Nikotini hushika mwili, si akili peke yake, na wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja. Amwone mhudumu wa afya, kwa kuwa zipo dawa na ushauri wa kusaidia, nami nilichelewa bure kuvitafuta kwa ajili ya kiburi.

Daftari_Jeupe alijibu:

Nawashukuru sana. Mzee Moshi, hadithi ya kitambaa chenye maji nimeisoma mara mbili. Mimi sikufuta kitu, lakini kufunga daftari kwenye droo ni kitambaa hichohicho.

Nina maswali mawili. La kwanza, itachukua muda gani mpaka jambo hili liwe mazoea, nisilazimike kujisukuma? Nimesikia mara nyingi kwamba ni siku 21, na nikitazama kumbukumbu zangu naona kwamba mwaka juzi nilikaribia kabisa, jambo linalonifanya nijute zaidi. La pili, je, niwatangazie watu? Mwaka jana niliwaambia wote kazini, na nadhani ndipo utani ulipoanzia.

Mama_Mapacha alijibu:

Mdogo wangu, hizo siku 21 ziweke kando zisikutese. Asili yake mara nyingi huelekezwa kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi ili kuizoea sura mpya. Hapo hapakuwa na habari ya kuamka alfajiri. Neno "angalau" likapotea njiani, na kuzoea kuiona pua yako kwenye kioo kukageuzwa kuwa kujenga tabia ya aina yoyote.

Walioipima tabia yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, ambao utafiti wao ulitoka kwenye jarida mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja la kufanya kila siku baada ya tukio lilelile. Muda wa kati wa jambo kufikia karibu na kilele chake cha kufanyika lenyewe ulikuwa siku 66, lakini tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yalizoeleka upesi kuliko mazoezi ya viungo. Na hapa mzee Moshi atafurahi, maana waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana. Hivyo ile tarehe 19 yako haikuwa siku mbili kabla ya ushindi, wala ile siku uliyolala haikuwa mwisho. Ulikuwa katikati ya safari, ukadhani umefika mlangoni na mlango umefungwa.

Kuhusu kutangaza, hapo nitagawanya. Kuna kutangaza sifa na kuna kuomba msaada. Gollwitzer huyohuyo na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wenye lengo la kuwa mtu wa namna fulani, nia yao ikishatambuliwa na wengine, hulegea katika kulifanyia kazi, kana kwamba kutambuliwa kumewapa sehemu ya kile walichokuwa wakikitafuta. Nadhani ndiyo ile raha ya mapema ambayo ndugu Sina Pupa anaishuku, na hakukosea. Kwa hiyo usiwatangazie watu ishirini kwamba wewe sasa ni mtu wa alfajiri. Mtafute mmoja asiyekucheka, mpe kazi ndogo yenye mwisho, mathalani umtumie picha ya ukurasa uliosoma kila Ijumaa, naye ajibu "nimeona", basi.

Sasa niseme la kwangu, ambalo halina utafiti. Mapacha wangu walipokuwa wachanga nilitaka kuendelea na masomo ya jioni, na kila mshauri alinihimiza niwe na nidhamu. Nidhamu gani, mtu ambaye halali saa tatu mfululizo? Kilichonisaidia ni kuacha kujirekebisha mimi na kuanza kurekebisha chumba. Kitabu kilikaa wazi juu ya meza, kikiwa kimebanwa kwa kibanio cha nguo kwenye ukurasa niliofikia, na kalamu ndani yake, ili nikipata dakika saba nisizitumie nne kutafuta. Simu ilikwenda kulala jikoni. Wiki ya kwanza mkono wangu uliendelea kupapasa mahali ilipokuwa, nikawa nacheka peke yangu gizani.

Kwa hiyo nakuuliza wewe: simu yenye hiyo kengele unayoizima, usiku inakaa wapi?

Daftari_Jeupe alijibu:

Dada, inakaa chini ya mto. Najua mtasema nini.

Na swali lako limenifanya nitazame upya kumbukumbu za mwaka jana, safari hii nikitazama saa badala ya kurasa. Wiki ya kwanza niliamka saa kumi na moja kila siku. Wiki ya pili saa ziliteleza taratibu, kumi na moja na robo, na nusu, kisha siku mbili nimeandika "saa 12" kwa mwandiko mdogo kana kwamba nilitaka usisomeke. Lakini sikuwahi kuandika saa niliyolala. Nilikuwa nikipunguza usingizi upande mmoja bila kuongeza upande mwingine, maana kitandani nilikuwa nikipitia simu hadi karibu saa sita za usiku. Wala sihitaji utafiti wa kunieleza kwa nini tarehe 16 mwili ulikataa.

Fundi_Saa alijibu:

Hapo sasa umefika kwenye injini. Kama ni hivyo, mimi naondoa hata ile alfajiri kwenye sentensi yangu. Nani alisema lazima iwe asubuhi? Mtihani hauulizi ulisoma saa ngapi. Ikiwa unarudi nyumbani jioni ukiwa bado na nusu saa ya akili nzuri, funga kurasa zako tatu kwenye tendo la kuvua viatu.

Moshi_wa_Zamani alijibu:

Naunga mkono, kwa sharti moja: jaribu wiki mbili kabla ya kubadili tena. Mimi nilikuwa hodari wa kubadili mbinu kila siku ya nne, na huko nako ni kuvuta sigara kwa njia nyingine.

Daftari_Jeupe alijibu:

Nimefanya hivi. Nimepiga mstari juu ya yale maazimio sita, nikaandika mawili tu ya mzee Fundi na mzee Moshi: nikivua viatu jioni, nitaketi kwenye kiti cha dirishani na kusoma kurasa tatu, nikikosa, kesho yake ukurasa mmoja na maneno mawili, "nilikosa jana". Nimetumia penseli. Rafiki mmoja amekubali kupokea picha kila Ijumaa, ingawa ameuliza kama anaweza kujibu kwa alama ya dole gumba badala ya "nimeona", nami nimemruhusu.

Chaja nimeihamishia kwenye ukumbi wa nje ya chumba cha kulala. Waya wake ni mfupi, kwa hiyo simu inalala sakafuni karibu na viatu. Leo jioni nimesoma kurasa tatu na nusu, ile nusu ikiwa ni kwa sababu sentensi iliendelea ng'ambo ya pili. Kwenye daftari nimeandika tatu.